Safari na Mzigo katika Njia ya Unyanyembe

Itetemia, karibu na mji wa Tabora, ndiko kulikokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe. Richard Burton, Mwingereza aliyefika nchi hiyo mwezi wa Novemba 1857, aliandika mengi juu ya Fundikira, mtemi wa wakati ule, na katika hayo mengi moja lina maana kuliko mengine. Fundikira, kwa maelezo yake, alikuwa amekwisha kushika njia ya pwani, naye ni mpagazi katika msafara, habari ya kifo cha baba yake ilipomfikia. Akatua vitu vyake, akarudi kwao kutawala. Katika nchi nyingi habari ya mtawala aliyechukua mzigo begani ingefichwa na wanawe. Unyanyembe haikuwa aibu, kwa kuwa kijana ambaye hajaiona pwani hakuhesabiwa bado kuwa mtu kamili.

Katika nchi hiyo wahubiri wa Kikristo, tangu mwaka 1878 na 1879, walileta fundisho ambalo ni la kale sana katika dini yao, kwamba maisha ya mwamini ni safari na mwamini ni mpitaji asiye na makao ya kudumu duniani. Limo katika habari za Ibrahimu aliyetoka Uru asijue aendako, na limo katika Waraka kwa Waebrania. Wahubiri walidhani kuwa wanaleta mfano. Lakini watu waliowasikiliza waliijua safari kwa nyayo na mabega yao, na jambo ambalo halikutazamwa vya kutosha na walioandika historia za misheni ni kwamba hawakuijua wote safari moja. Mpagazi alijua yake, na mtumwa alijua yake, ijapokuwa njia waliyoikanyaga ilikuwa ile ile, kutoka Ujiji hadi Tabora na kutoka Tabora hadi Bagamoyo.

Safari waliyoijua wahubiri wa Kiingereza ilikuwa ya namna ya tatu, na ilitoka kitabuni. John Bunyan alitoa sehemu ya kwanza ya masimulizi yake ya msafiri mwaka 1678, na ya pili mwaka 1684. Kitabu hicho kilisafiri na misheni za Kiprotestanti duniani kote, kikatafsiriwa katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mtu aitwaye Mkristo anagundua kuwa mji wake utateketezwa. Ana mzigo mgongoni usiotoka. Anaziba masikio asisikie kilio cha mkewe na watoto, anakimbia, na akifika penye msalaba mzigo unamwanguka, naye anaendelea mwepesi hadi mji wa mbinguni. Harudi tena. Mkewe, katika sehemu ya pili, hana budi kuishika njia hiyo mwenyewe pamoja na watoto.

Yafaa masimulizi hayo yasomwe mara moja kwa macho ya Mnyamwezi wa karne ya 19. Mtu anayeondoka bila kuagana na watu wake si msafiri, ni mtoro. Na mtu anayefurahi kwa kuwa mzigo umemwanguka njiani ni mpagazi wa namna gani?

Msafara wa Wanyamwezi ulikuwa na taratibu zake. Watu walitoka baada ya mavuno, wakatamani kurudi kabla mvua haijawataka tena mashambani. Mzigo wa pembe, nguo au shanga ulikuwa wa kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Nyaya za shaba zilichukuliwa kwa mzega, fungu moja mbele na jingine nyuma. Mbele ya wote alikwenda kiongozi, ambaye wageni walizoea kuliandika jina lake kirangozi, na watu wasingekubali kumtangulia. Naye alikuwa mpagazi kama wengine, na mara nyingi alichukua mzigo, japo mwepesi kuliko ya wenzake. Kumbe uongozi katika njia ile haukuwa kupanda juu ya wachukuzi, bali kutangulia katika kuchukua.

Wala hakusafiri aliyekwenda peke yake. Desturi ziliwafunga waliobaki nyumbani, hasa mke wa mpagazi. Mwenendo wake uliaminiwa kuwa na nguvu juu ya usalama wa mumewe aliye mbali, hata alihesabika kuwa yumo safarini ingawa alikuwa akilima shamba lake. Njiani nako palikuwa na utani. Ugomvi wa kale na makabila ya njiani uligeuzwa kuwa mzaha na wajibu, na mtani ndiye aliyeweza kumzika mgeni aliyefia mbali na ndugu zake. Wanahistoria wa misafara wameonyesha kuwa utani huu ulienea pamoja na biashara ya masafa, na ni vigumu kufikiri ni nini kingine ambacho kingewawezesha maelfu ya watu kupita kila mwaka katika nchi zisizo zao. Mwisho wa yote ulikuwa kurudi. Mpagazi alirudi na nguo mpya, akapokewa kwa shangwe, akaanza kuhadithia. Safari isiyo na marejeo haikuwa safari, ilikuwa msiba. Watu wa pwani, kwa upande wao, hawakuona ajabu hapo, maana hata anayekwenda kuhiji Maka huondoka ili arudi akiwa na jina la alhaji.

Hata hivyo picha hiyo nzuri ina kivuli chake, na si haki kukiacha. Wanaume walipokwenda pwani mashamba hayakujilima. Baadhi ya mali waliyoipata kwa upagazi na biashara ya pembe ilinunua watumwa, na watumwa hao, waliotoka hasa nchi za magharibi na kusini, walilima nyumbani ili mabwana wao wawe huru kusafiri. Kwa hiyo uhuru wa mpagazi ulitegemea, kwa sehemu, utumwa wa mwingine. Na huyo mwingine alikuwa amefika Unyanyembe kwa safari pia, ila yake haikuwa na kiongozi aliyemchagua, wala mshahara, wala mke aliyemngoja, wala marejeo. Mhubiri aliyesimama Tabora akasema kuwa maisha ni safari alisikiwa hivyo na watu wa aina mbili. Mmoja alisikia habari ya kwenda na kurudi kwa heshima. Wa pili alisikia neno la siku ile alipopoteza mama yake.

Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walikutana na jambo hili upesi kuliko walivyotazamia. Kundi lao la kwanza, watu kumi, liliondoka Marseille mwezi wa Aprili 1878, likatoka Bagamoyo Juni. Lilisafiri kama msafara mwingine wowote. Lilipanga wapagazi, likalipa hongo, likapata watoro, likapata homa. Padri Joachim Pascal alifariki njiani mwezi wa Agosti. Waliosalia walifika Tabora, na hapo wakagawanyika. Wengine walielekea Ziwa Tanganyika wakafika Ujiji Januari 1879, na wengine wakaenda Buganda, ambako Padri Lourdel na Bruda Amans walifika mwezi uliofuata. Tabora kwao ilikuwa njia panda tu. Lakini njia panda haikosi kuhitaji nyumba, na tangu mwaka 1881 walikuwa na kituo Unyanyembe, ambacho mahali pake pa kudumu pakawa Kipalapala, kusini mwa mji. Kanisa dogo la huko lilishuhudia mwaka 1887 jambo kubwa, Askofu Livinhac alipomweka wakfu Askofu Charbonnier.

Watu wa Kipalapala walikuwa hasa watoto waliokombolewa, yaani walionunuliwa na mapadri kutoka kwa wafanya biashara wa watumwa. Walifundishwa sala, kusoma na kulima. Hapa panahitaji uangalifu, maana ni rahisi kusifu na ni rahisi pia kulaumu. Watoto waliokolewa na pingu, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba hawakuulizwa waende wapi, na kwamba kwa wengi wao kurudi kwao hakukuwezekana tena, ama kwa kuwa njia ilikuwa ya hatari, ama kwa kuwa walikuwa wadogo mno walipochukuliwa hata wakasahau jina la kijiji. Mwaka 1889, chuki ya mtemi Isike juu ya Wazungu ilipozidi, mapadri waliacha Kipalapala wakaenda kaskazini upande wa Nyanza, na watoto wakafunga mizigo tena. Isike mwenyewe alikufa Januari 1893, alipolipua baruti ndani ya boma lake kuliko kutekwa na Wajerumani. Mtoto aliyepita katika hayo yote alikuwa amesafiri kuliko wapagazi wengi, naye hakuwahi kwenda safari hata moja kwa hiari yake.

Je, fundisho la safari lingeweza kuwa na maana kwa mtu kama huyo? Jibu halimo katika hotuba za wahubiri. Limo katika msafara mmoja uliopita Unyanyembe miaka mitano kabla ya Mapadri Weupe.

David Livingstone alikaa Kwihara, si mbali na Itetemia, tangu Februari hadi Agosti 1872. Stanley alikuwa amekwenda pwani, na kutoka pwani akampelekea watu wapya. Miongoni mwao walikuwa vijana waliosomea Nasik, nchi ya Bara Hindi, katika shule ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Mmoja wao aliitwa Jacob Wainwright. Asili yake alikuwa Myao. Aliibwa, akavushwa, akaokolewa baharini na manowari ya Waingereza, akapelekwa ng'ambo, akabatizwa, akapewa jina la kigeni. Tarehe 25 Agosti 1872 msafara ulitoka Kwihara kwenda kusini, na Mei 1873 Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia.

Watu wake walikuwa wengi mbali na pwani, bila bwana wa kuwalipa na bila mtu wa kuwalaumu kama wangemzika hapo na kutawanyika. Hawakufanya hivyo. Susi na Chuma, waliokuwa naye kwa miaka mingi, walishika uongozi. Moyo na matumbo vilizikwa chini ya mti. Wainwright akasoma sala za maziko na kuchonga maandishi katika gome. Mwili ulikaushwa juani, ukafungwa kwa nguo na magome ya mti, ukawa mzigo. Mara tu baada ya kuondoka maradhi yaliwashika wengi, wakalazimika kungoja. Juni mwaka ule, wao wakiwa bado njiani, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Oktoba walifika Kwihara.

Hapo ndipo palipokuwa na jaribu kuu. Walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, naye aliwashauri wauzike mwili hapo hapo Unyanyembe, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa na watu wasiopenda maiti ipite nchini mwao. Shauri lake halikuwa la kipumbavu. Aliyelitoa alikuwa Mzungu, ofisa, na mtu wa taifa la marehemu. Wao walikuwa wachukuzi. Walikataa. Cameron alichukua vyombo vya kupimia vilivyokuwa katika masanduku, wao wakachukua mwili wakaenda. Walipofika Kasekera, mashariki ya Unyanyembe, na hatari ikadhihirika, walifungua mzigo wakaufunga upya ufanane na robota la nguo. Kisha wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, na watu sita wakayabeba kurudi upande wa Unyanyembe, kana kwamba wamekubali kuzika huko. Usiku wakayatupa porini. Ni hila ya wapagazi, iliyofaulu kwa sababu waliifahamu desturi ya njia kuliko Cameron. Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Wengi wao walipewa mishahara yao wakaruhusiwa kwenda zao. Wainwright alikwenda Uingereza pamoja na jeneza, akawa mmoja wa wachukuzi wake katika maziko ya Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Shajara aliyoiandika njiani kwa mkono wake imehifadhiwa, na katika miaka ya karibuni imetolewa ili watu waisome. Susi na Chuma waliitwa baadaye mwaka ule ule kusaidia kutayarisha maandishi ya mwisho ya bwana wao.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi kama habari ya utii kwa Livingstone. Maelezo hayo ni haba. Mtu aliyefanywa mtumwa alikuwa ni mzigo hai, uliopelekwa mahali usikotaka. Wainwright, aliyewahi kuwa hivyo, alishika mzigo kwa hiari yake mwenyewe, akauchukua mpaka nyumbani kwa mwenyewe, ilhali nyumbani kwake yeye hapakuwa na njia ya kurudi. Alichukua safari ya mtumwa akaitia utaratibu wa safari ya mpagazi: mzigo hautupwi, wenzako hawaachwi, na wa mwisho hurudishwa kwao. Kama kuna mahali katika njia ile ambapo maisha ya Kikristo yalionekana kuwa safari kwa maana ambayo aina zote mbili za wasikilizaji zingeweza kuikubali, ni hapo. Na yafaa kuangaliwa kwamba si wote waliouchukua mzigo ule walikuwa Wakristo. Susi alibatizwa mwaka 1886, miaka kumi na miwili baada ya kufika pwani, akachagua jina la David. Kwake yeye kuchukua kulitangulia kuamini.

Biblia yenyewe haimpi haki Bunyan peke yake. Mtume Paulo, katika sura ya sita ya Waraka kwa Wagalatia, anawaagiza waamini wachukuliane mizigo, na aya chache mbele anasema kuwa kila mtu atachukua wa kwake. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 waliufuata Uyunani wakatumia maneno mawili, mzigo kwanza, kisha furushi. Mtu wa mjini huenda asione tofauti. Mpagazi angeiona mara moja. Mzigo ni wa msafara, na ukimlemea mmoja huweza kugawanywa kwa wengine. Furushi ni lile la mkeka na chungu na posho, na hilo hakuna mtu awezaye kumchukulia mwenzake. Wafasiri hawakuwa na haja ya kueleza.

Katika historia ya njia hiyo yuko mtu mwingine ambaye hakosi kutajwa, ijapokuwa Unyanyembe alipita tu. Adrian Atiman alizaliwa Afrika ya Magharibi, karibu na mto Niger, akaibwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe nchini Algeria. Alisomeshwa uganga huko Malta. Mwaka 1888 alitoka Unguja pamoja na msafara wa Askofu Bridoux, akapita Tabora, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo safari yake ikakoma. Alikaa Karema miaka 67, katekista na mganga, akaoa binti wa nchi ile, na mwanawe Joseph akapata upadri. Atiman alifariki mwaka 1956. Aliyevuka bara zima kwa kulazimishwa na kwa kutumwa alitumia karibu maisha yake yote ya utu uzima bila kwenda popote, akifunga vidonda vya watu wa kijiji kimoja. Ukiuliza safari ya kiroho ya mtu huyu ilikuwa ipi, huwezi kuichora katika ramani. Jangwa na bahari vilikuwa mwanzo wake tu.

Wamoravian, walioipokea Urambo kutoka kwa Chama cha Misheni cha London mwaka 1898 na kufungua Sikonge mwaka 1902, walikuwa na urithi wao wenyewe katika jambo hili. Zinzendorf, kiongozi wao wa karne ya 18, alipofukuzwa Saxony mwaka 1736 aliishi na kundi la waamini waliohamahama, na kundi hilo liliitwa ushirika wa wasafiri. Lakini huko Unyamwezi wao nao walijulikana zaidi kwa kukaa, hasa kwa utunzaji wao wa wagonjwa wa ukoma huko Sikonge.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vita ya kwanza iliyofuata iliwarudisha watu wengi katika upagazi, safari hii kwa kulazimishwa na majeshi, na baada yake kazi hiyo ilikwisha kabisa katika njia kuu. Maneno yake yalibaki yakatafuta kazi nyingine. Watu waliendelea kusema kutua, kufunga mizigo, kushika njia, na makanisa yakayatumia katika mahubiri na katika maziko. Kipalapala, ambako watoto waliokombolewa walijifunza kusoma, palijengwa seminari kuu, na katika miaka ya 1950 mitambo ya hapo ilikuwa ikichapa gazeti la Kikatoliki lililosomwa Tanganyika nzima. Jina lake lilikuwa Kiongozi.

Jacob Wainwright alitumikia misheni za pwani na za bara baada ya kurudi kutoka Uingereza. Alifariki Urambo mwaka 1892, mwendo wa siku chache tu magharibi ya Kwihara.